Mwalimu wa mbwa anayekuja nyumbani: tathmini ya huduma tuliyoitumia Arusha kwa mbwa anayeuma

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya mwalimu wa mbwa anayefika nyumbani kwa mteja, katika Jiji la Arusha na vitongoji vyake, kwa ajili ya mbwa waliokwisha kuwa na tabia ya kuuma. Naipa nyota nne kati ya tano, na nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ambazo zinahusu zaidi utaratibu wa huduma kuliko ujuzi wa mwenyewe. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa anafanya kazi na msaidizi mmoja tu na hupendelea wateja wapya waelekezwe kwake na madaktari wa mifugo, lakini naamini maelezo haya yatamfaa yeyote anayejiuliza kama fedha za huduma ya namna hii zinakwenda mahali pake.

Mbwa mwenyewe anaitwa Jeki, dume chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, ambaye alinunuliwa kwa ajili ya ulinzi na akakua akifungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mtaani kwetu. Ukali wa mbwa wa ulinzi kwetu huhesabiwa kuwa sifa, na hata zipo nyumba zilizopachika kibao cha MBWA MKALI getini ilhali ndani hamna hata paka. Tatizo huanza pale ukali huo unapomgeukia mtu wa nyumbani au mtu aliyekuja kwa shughuli zake halali. Jeki alikuwa amefikia hatua ya kumtolea meno yeyote anayepita karibu na sufuria yake ya chakula, kulirukia geti kila linapogongwa, na hatimaye kumng'ata mkononi kijana aliyetuletea mtungi wa gesi.

Kabla ya huduma hii alipelekwa katika kambi moja ya mafunzo, ambayo nayo sitaitaja, kwa ahadi kwamba angerudi akiwa na adabu. Alirudi akiwa kimya. Shingoni alikuwa na michubuko ya mnyororo wa kukaba, na yule kijana aliyemleta alitueleza kwa fahari kwamba mbwa sharti apinduliwe chali na kubanwa chini mpaka akubali kwamba mwenye nyumba ndiye mkubwa. Ukimya ule ulidumu kwa muda mfupi, kisha akaanza kuuma bila kunguruma kwanza, jambo ambalo hakuwa nalo alipokwenda.

Nasimama kidogo hapa kwa sababu mafunzo ya aina hiyo ndiyo yanayouzwa zaidi, na bei yake huwa ndogo. Fikra ya mbwa kumtambua mkubwa wake kwa nguvu ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kizuizini, ambao mtafiti wa tabia za wanyama Rudolph Schenkel aliuchapisha mwaka 1947. Mwanasayansi wa Marekani L. David Mech, ambaye mwenyewe alikuwa ameieneza fikra hiyo, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia tu, yaani baba, mama na watoto wao, na si jeshi linalopigania cheo. Mwaka 2009 daktari wa mifugo Meghan Herron na wenzake huko Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwahoji wenye mbwa waliofika kliniki kwa matatizo ya tabia, na miongoni mwa waliokuwa wamewahi kumpiga au kumpa teke mbwa, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali, huku miongoni mwa waliompindua chali na kumbana ikiwa asilimia 31. Kwa maneno mengine, kumbana mbwa mkali ni njia mojawapo ya kung'atwa. Chombo kingine cha mafunzo ya nguvu ni kola ya umeme, yaani mkanda wa shingoni unaompiga mbwa shoti, ambayo Wales ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2010. Huku kwetu huuzwa mitandaoni, na muuzaji hana analokuuliza zaidi ya mahali pa kukupelekea mzigo.

Sasa nije kwa mwalimu huyu. Siku ya kwanza alisimama nje ya geti, akamwamkia mlinzi wetu, "Shikamoo babu," akaomba Jeki afungiwe bandani kabla yeye hajaingia, na alipoingia hakwenda kumtazama mbwa hata kidogo. Aliketi barazani na daftari la shule, akachora ramani ya kiwanja chetu, yaani geti, banda, jiko la nje, kamba ya kuanikia nguo na njia ambayo watoto hupita wakitoka shule, kisha akaanza kuuliza. Aliuliza ni nani anayempa chakula na wapi, amewahi kumng'ata nani, sehemu gani ya mwili, saa ngapi, na ni kitu gani hasa kilitokea muda mfupi kabla ya hapo. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumtaka maoni, ndiye aliyetoa majibu mengi zaidi, kwa kuwa ndiye anayeshinda na mbwa huyo kutwa nzima.

Kwa kila tukio la kuuma alitaka kujua jeraha lilivyokuwa, na hapo ndipo nilipoona kwamba hafanyi kazi kwa kubahatisha. Anatumia kipimo cha ngazi sita kilichotungwa na daktari wa mifugo Ian Dunbar: ngazi ya 1 ni vitisho bila jino kugusa ngozi, ya 2 jino limegusa lakini halikutoboa, ya 3 ni tundu moja hadi manne kutokana na kung'ata mara moja, yasiyozidi nusu ya urefu wa chonge, ya 4 matundu ya kina zaidi kwa sababu mbwa ameng'ang'ania au ametikisa kichwa, ya 5 kung'ata kwa kina kulikorudiwa, na ya 6 ni kifo. Kijana wa gesi alikuwa na matundu mawili mafupi kwenye kiganja, kwa hiyo Jeki aliwekwa ngazi ya 3, ambayo mwalimu alisema inaweza kufanyiwa kazi endapo nyumba nzima itakubali kubadilika. Akatuambia pia, bila kuzungukazunguka, kwamba mbwa wa ngazi ya 5 yeye hampokei, bali humrudisha kwa daktari wa mifugo ili mwenye mbwa aelezwe kwa utulivu juu ya sindano ya kumlaza usingizi wa milele. Mtoa huduma anayekataa kazi huku wewe unayo pesa mkononi ni nadra, nami jambo hilo lilinipa imani naye kuliko vyeti vyake.

Hakukubali kuanza siku ile. Alitaka kwanza kuona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa yenye tarehe ambayo haijapita, halafu akataka Jeki akaguliwe na daktari wa mifugo tangu masikio hadi nyonga, akieleza kwamba mbwa mwenye maumivu huuma hata akifundishwa vipi. Daktari alikuta usaha katika sikio la kushoto, na siku zile za kulitibu ndizo zilizotufumbua macho kwa nini Jeki alikuwa akimrukia kila anayemshika kichwani. Suala la kumhasi lilijadiliwa pia. Mwalimu aliliunga mkono, ila akasisitiza kwamba kuhasiwa hupunguza uzururaji na ugomvi wa madume, wala hakumfanyi mbwa mwenye hofu kuacha kuhofia wageni.

Awamu ya kwanza ya kazi yenyewe haikuwa mafunzo, ilikuwa ujenzi. Aliagiza geti la pili la ndani, ambalo fundi wa kuchomelea alilitengeneza kwa nondo na wavu, ili mtu anayegonga geti la nje apokelewe katika uwazi mdogo ambao Jeki haufikii. Sababu yake ni kwamba kila mbwa anapolirukia geti na msoma mita wa maji akaondoka zake, mbwa hujifunza kuwa amefaulu kumfukuza, na siku inayofuata huongeza bidii. Upande wa barabara, ambako fensi yetu ni ya wavu, tuliweka mabati ili asiwaone wapita njia, na jirani yetu mmoja mzee, ambaye kila alfajiri akienda msikitini alikuwa akivuka upande wa pili wa barabara kwa sababu ya Jeki, siku hizi anapita upande wetu. Mnyororo uliondolewa kabisa, na mahali pake likaja banda pana lenye kivuli pamoja na matembezi ya asubuhi kwa kamba ndefu. Kuhusu mnyororo mwalimu ana msimamo mkali, nao una msingi: uchunguzi wa mbwa waliouma watu mjini Denver, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba mbwa hao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa madume, wa kutohasiwa na wa kufungwa mnyororo uani kuliko mbwa wasiouma waliolinganishwa nao.

Gharama za ujenzi huo hazimo katika bei yake, na anayeita huduma hii azihesabu mapema, kwani kwetu zilizidi malipo ya mwalimu mwenyewe.

Kilichofuata ni kikapu cha mdomoni, yaani kifuniko anachovishwa mbwa mdomoni ili asiweze kuuma, na hiki nakieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa watu wengi hukichukulia kama adhabu. Kikapu kinachofaa ni kile kinachomwezesha mbwa kufungua kinywa, kuhema kwa ulimi, kunywa maji na kupokea kipande cha chakula kupitia matundu, kwa sababu mbwa hupunguza joto la mwili hasa kwa kuhema. Kile cha kitambaa kinachobana taya kinafaa kwa dakika chache mbele ya daktari, si kwa matembezi ya juani. Cha plastiki kilichomtosha Jeki hakikupatikana mjini, na mwalimu alitupeleka kwa fundi wa ngozi, mshona mikanda na viatu, aliyeshona kikapu cha ngozi kwa vipimo vya pua yake. Hakuvishwa kwa nguvu. Kwa siku nyingi kikapu kilikuwa chombo cha kulia tu: mwalimu alikishika kwa mkono mmoja, akaweka kipande cha firigisi ya kuchemsha ndani, akasubiri bila kusogea. Jeki alinyoosha shingo huku miguu ya nyuma ameiacha mbali, tayari kukimbia, akanyakua firigisi na kurudi nyuma. Baadaye akaanza kusukuma pua yake mwenyewe hadi mwisho na kuiacha humo akisubiri, na hapo tu ndipo mkanda wa nyuma ya masikio ulipogusishwa, kisha ukafungwa kwa muda mfupi, kisha kwa muda mrefu zaidi. Leo akikiona kikapu anatikisa mkia, maana kwake kina maana ya matembezi.

Mafunzo juu ya wageni yalifuata mwendo huohuo wa polepole. Msaidizi wa mwalimu, kijana ambaye Jeki hakumfahamu, alisimama mwisho wa barabara ya mtaa, mbali kiasi kwamba mbwa alimwona bila kukakamaa, na kila Jeki alipomtazama alipewa kipande cha maini, kijana akijificha nyuma ya ukuta maini yanakoma. Umbali ulipunguzwa hatua kwa hatua, na ulirudishwa mara tu dalili zilipojitokeza. Dalili hizo ndizo somo ambalo sisi wanafamilia tulilihitaji kuliko mbwa: kulamba pua bila chakula kuwepo, kugeuza kichwa huku jicho likibaki kwa mtu na weupe wake ukionekana, kufunga mdomo ghafla, mwili kuwa mgumu, mkia kusimama wima na kutikisika kwa ncha tu. Mimi nilizoea kumkemea kila anapounguruma, na mwalimu akanizuia: "Mama, usimkataze kunguruma. Huko ndiko kupiga hodi kwake. Ukimnyima hodi, ataingia na meno." Maneno hayo yalinieleza kile ambacho kambi ile ilikuwa imemfanyia.

Kwenye sufuria ya chakula utaratibu ulikuwa rahisi kuueleza ingawa mgumu kuuvumilia. Badala ya kumpokonya chakula ili azoee, tulipita kwa mbali na kumrushia kitu kizuri kuliko kilichomo, ugali wenye mchuzi wa utumbo ukiongezewa kipande cha nyama halisi, mpaka mtu akikaribia Jeki akawa anainua kichwa kungoja nyongeza. Watoto hawakushirikishwa katika zoezi hili wala lolote lililo karibu na chakula, na sheria hiyo inabaki. Mwalimu hukagua kama inafuatwa: aliwahi kufika bila taarifa saa ya kutoka shule, akakuta geti la ndani limeegeshwa tu, akatusema sote, mimi mwenyewe sikusazwa.

Kuna karatasi moja aliyotuachia ambayo peke yake naiona kuwa na thamani kubwa, nayo imebandikwa ukutani kibandani kwa mlinzi. Inaeleza la kufanya mtu akiumwa: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo ili daktari aamue juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na mbwa asiuawe wala kufukuzwa, bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, akiugua au kufa katika muda huo hospitali ipewe taarifa haraka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauponi, na takribani wagonjwa wote wa binadamu duniani, asilimia 99, huupata kutoka kwa mbwa. Jeki alikuwa na chanjo, hata hivyo tulimpeleka kijana wa gesi hospitali na kulipa gharama zake zote, na mwalimu alisema kwamba kwa mbwa yeyote hilo halina mjadala.

Matokeo ni haya. Jeki hamtolei meno mtu wa nyumbani tena, anatembea mtaani na kikapu chake bila kuvuta kamba, anakwenda bandani akiambiwa hata kengele ya geti ikilia, na daktari wa mifugo anamchanja bila watu wanne kumkalia. Jeki bado hawapendi wageni. Mgeni akija anafungiwa, na itaendelea kuwa hivyo, kwani mwalimu alitamka tangu siku ya kwanza: "Huyu hatakuwa mbwa wa kuchezewa na wageni, mama. Mtu akikuahidi hivyo, usimpe hela." Wanaoogopa kwamba mbwa aliyefunzwa hivi hatalinda tena waondoe shaka, anabweka usiku kama zamani, na kinachomwondoa mwizi ukutani ni kubweka. Mbwa anayemng'ata mleta gesi mchana hakuwa akilinda chochote.

Kuhusu bei, alitutoza shilingi 50,000 kwa kila kipindi pamoja na nauli, malipo yakifanyika kwa simu baada ya kipindi na si kabla. Si bei ndogo kwa familia ya kawaida, na kambi zile za kumchukua mbwa hudai pungufu ya jumla yake. Tofauti ni kwamba kambini anafunzwa mbwa peke yake, kisha anarudishwa katika nyumba ileile yenye mnyororo uleule.

Nyota niliyoizuia ina sababu tatu, mbili ndogo na moja kubwa. Maelezo ya mazoezi ya kila wiki aliyaleta yakiwa yamechapwa kwa Kiingereza, isipokuwa ile karatasi ya ukutani, na dada yetu pamoja na babu mlinzi, ambao ndio watekelezaji wakuu, walilazimika kusubiri nirudi kutoka kazini ili niwasomee. Tena mvua za masika zilipoanza alikuwa akiahirisha vipindi kwa ujumbe wa dakika za mwisho, na mbwa wa aina hii akikatizwa mazoezi kwa muda mrefu hurudi nyuma.

Sababu kubwa ni usiku. Huduma yake hufanyika mchana tu, wakati mbwa wa ulinzi huwa na watu wa aina nyingine kabisa baada ya saa mbili usiku. Sisi tulikuwa na bahati ya kuwa na babu wa miaka mingi, lakini alipokwenda likizo kijijini, kampuni ya ulinzi ilituletea walinzi wanaobadilishwa kila mara, na kila mpya aliyeingia alikuwa mgeni mbele ya Jeki saa ambayo mbwa huyo yuko macho kupita zote. Mwalimu hakuwa na utaratibu wowote ulioandikwa wa kumtambulisha mlinzi mpya kwa mbwa, akabaki kutuelekeza kwa simu: Jeki afungiwe kabla ya zamu kubadilishwa, mlinzi apewe firigisi za kumrushia bandani bila kumkodolea macho, na mbwa asifunguliwe mpaka amezoea harufu na sauti yake. Maelekezo yalifaa, ila yalipaswa kuwemo katika mkataba tangu mwanzo, kwa kuwa nyumba nyingi zitakazomwita zinalindwa na kampuni za namna hiyo. Anayekusudia kumtumia amwombe kipindi kimoja kifanyike jioni saa ya kubadilishana zamu, mlinzi akiwepo. Nilipomweleza hivyo alikubali, na kwa mteja wake aliyefuata, ambaye ni mwenzangu kazini, alikifanya bila kuongeza bei.